Tomi Adeyemi wazo alilitoa wapi?

Mpenda_Riwaya: Wakuu nimemaliza Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi, huyu dada kakulia Marekani, sasa miungu ya Kiyoruba aliipatia wapi? Na hii ya binti mmoja kuteuliwa aokoe wote haijachosha?

BintiPwani: Salvador, Brazil, alikimbilia dukani kukwepa mvua akakuta picha za orisha, miungu yenye ngozi nyeusi kama yake, ndo ikaanzia hapo mpaka kitabu kikatoka 2018

Kalamu: Kuteuliwa hakuchoshi kama kuna gharama mkuu, Zélie, huyo binti aliyeteuliwa, mama yake aliuawa sababu ya uchawi huohuo anaotakiwa kuurudisha, inauma kweli. Ila mapenzi na Inan, ambaye baba yake mfalme ndiye aliyefanya mauaji yale, yaliharakishwa mno.

Mpenda_Riwaya: Hapo kwa Inan hata mimi niligoma kabisa, juzi tu alikuwa anamwinda!