Mrejesho: kutafsiri "aweary" ya Kiingereza cha zamani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza "aweary" (yaani kuchoka) ya washairi wa Kiingereza Shakespeare na Tennyson itafsiriwe vipi isibaki uchovu wa kazi tu.

"Hoi" na "taabani" nimeziacha, zinaishia mwilini. Kilichosaidia ni ushauri wa kuangalia "of" inayofuata ("aweary of"): hapo mtu amechoshwa na kitu. Kwa Portia wa "Mabepari wa Venisi" ya Shakespeare, "kijimwili changu kimechoshwa na dunia hii kubwa" imekaa vizuri, ni deko la binti tajiri. Kwa Macbeth, mfalme wa tamthilia nyingine ya Shakespeare, ikagoma. "Naanza kuchoshwa na jua" kwa msomaji wa Dar ni joto la saa saba mchana! Nimeweka "naanza kuchoka kuliona jua", kwani anachoka kuishi.

Kiitikio cha "Mariana", shairi la Tennyson (1830), kimetoka hivi: "Maisha yamechujuka", kisha "nimechoka, nimechoka". Mizani 8 kila kipande, kina -ka, badala ya kina cha "dreary" (-a kuhuzunisha) na "aweary". Aliyesema nisiogope kurudia neno, shukrani za pekee.

Ladha ya ukale imenishinda. Ile "a-" mbele ya "weary" haina mwenzake kwetu, na "nimechoka" ni neno la kila siku. Nimeiacha hivyo.