Shule ya bweni, sekondari ya kata au mfuko wa hatifungani: kipi kitawafikisha watoto mwisho?

Mpare_wa_Milimani (Majengo, Moshi)
Wakuu, habari za leo. Tuko 34, wazaliwa wa kijiji kimoja milima ya Same, wengi tunatafutia maisha Moshi na Arusha. Tumekubaliana kila mtu atoe 20,000 kwa mwezi tusomeshe watoto wa nyumbani ambao wazazi hawana uwezo. Wote wakitoa, ni 8,160,000 kwa mwaka.

Tulishajaribu tukashindwa. Tulichukua watoto sita tukawapeleka bweni, shule binafsi. Mwaka wa kwanza michango ilimiminika. Wa tatu tulibaki watoaji tisa. Nilikuwa stendi ya Same siku binti mmoja wa kidato cha tatu alipoteremka na tranka lake, kitasa kimeng'oka, amelifunga kwa kamba ya katani. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mjomba, nitarudi lini?" Sikuwa na jibu.

Safari hii nataka tuchague vizuri. Kuna wanaotaka tena shule binafsi, ila kwa bei tuliyopewa, 2,400,000 kwa mtoto, ni watoto watatu tu. Wengine wanasema tusaidie wengi walioko sekondari ya kata, ya serikali. Wapo pia wanaosema tusiguse hela, tununue hatifungani, yaani tuikopeshe serikali tule riba. Naombeni uzoefu wenu.

Mama_Neema
Kata. Watatu wakitoka, waliobaki watasomeshwa na nani?

Hesabu_Kwanza (Arusha)
Mkuu, hatifungani ni nzuri ila ijue kabla hujaingia. Unaanzia shilingi milioni moja, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na ukinunua kiwango chako hakibadiliki mpaka ikomae. Inayobadilika ni ya wanaokuja baadaye: mwaka 2022 ile ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Chukua hiyo 12.56. Mkiwa na milioni 20, mnapata 2,512,000 kwa mwaka bila kugusa mtaji. Kwa shule binafsi hiyo ni ada ya mtoto mmoja. Kwa shule ya serikali ni habari nyingine kabisa, maana ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, na ya cha tano na sita 2022.

Ila kufika milioni 20 kwa michango yenu ni kama miaka miwili na nusu, na mtoto aliye darasani leo hawezi kuwasubiri. Hela ya kutumia mwaka huu wekeni kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako mnaweza kuitoa haraka. Inayobaki iende kwenye hatifungani kidogo kidogo.

Mwalimu_Mstaafu (Old Moshi)
Watu wakisikia elimu bila ada wanadhani kazi imekwisha. Nimepokea watoto wa kidato cha tano miaka mingi. Fomu ya kujiunga inataka godoro, shuka, ndoo, kwanja, rimu ya karatasi, sare, halafu kuna nauli, pengine ya kwenda mkoa wa mbali. Mtoto amefaulu vizuri, anaripoti wiki tatu baada ya wenzake kwa sababu ya godoro. Wengine hawaripoti kabisa.

Jambo la pili ni vyeti. Bodi ya Mikopo inawaangalia yatima na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa serikali wa TASAF, lakini lazima uthibitishe, na cheti cha kifo cha mzazi kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo. Wazee wetu wanazikwa kijijini, hakuna anayekumbuka cheti. Miaka kumi baadaye mtoto anakosa mkopo wa chuo kikuu kwa karatasi ambayo ingepatikana kwa gharama ndogo. Anzeni kufuatilia vyeti akiwa kidato cha kwanza.

Kijana_wa_Longido
Shikamoo Mwalimu. Kwetu tatizo kubwa ni umbali. Binti anatembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, porini. Hosteli karibu na shule ya kata imewabakiza shuleni wasichana wengi kuliko mfadhili yeyote. Ila msitegemee mtu auze ng'ombe ndipo achangie: ukame wa 2021 na 2022 ulimaliza mifugo, na michango ikafa nayo.

Mwalimu_Mstaafu (Old Moshi)
Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe. Huku Kilimanjaro, vyama vya wakulima wa kahawa vilianza zamani, KNPA 1925 na KNCU 1933, na makato ya kahawa yakasaidia kujenga shule. Hela ilikatwa kabla haijafika mfukoni mwa mkulima. Ndugu wa Same, mna tangawizi. Ongeeni na chama cha msingi mkutanoni, wakikubali wakate kidogo kwa kila kilo. Nanyi wa mjini wekeni maagizo benki, ikatwe siku ya mshahara. Ya hosteli, mawe na mchanga vibebwe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Mama_Neema
Na yule binti wa tranka yuko wapi sasa? Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu walioacha shule kurudi, na kama umri umepita, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia yake ya sekondari.

Mpare_wa_Milimani (Majengo, Moshi)
Asanteni sana. Nimeandika rasimu ya kikao cha Desemba wote tukiwa nyumbani. Tutasaidia watoto wa shule ya kata: sare, vyeti na chakula cha mchana, na wanaochaguliwa kidato cha tano tuwanunulie vifaa vyote. Theluthi ya michango iende kwenye hatifungani. Hatuandiki jina jipya mpaka hela ya miaka yake yote minne iwe benki. Hili najua litapingwa, kwa sababu tutaanza na watoto wachache, lakini sitaki kurudi tena pale stendi.

Mama Neema, binti yuko Himo, anauza mgahawani. Ana miaka 19. Namba yake nimeipata kwa shangazi yake, nampigia jioni hii akitoka kazini.