Mdogo wangu amejifungua mtoto njiti nami niko mbali: nimsaidieje?

Swali, kutoka kwa Dada Mkubwa

Habari zenu. Mdogo wangu wa kike amejifungua siku sita zilizopita, ujauzito ukiwa na wiki 29, na mtoto, ambaye ni wa kiume, alizaliwa na gramu 1,180. Yuko kwenye inkubeta, anasaidiwa kupumua kwa mashine inayosukuma hewa kupitia puani, na analishwa kwa mpira. Mimi naishi nchi nyingine na sitaweza kusafiri kabla ya miezi mitatu kwisha. Kila ninapoamka, jambo la kwanza ni kushika simu na kumwuliza mtoto ameamkaje. Siku mbili za mwanzo alinijibu. Sasa anasoma ujumbe na kunyamaza. Shemeji yangu hujibu kwa neno moja tu, "Yupo." Jana nilimwandikia mdogo wangu kwamba asihuzunike, kwa kuwa watoto wengi wa namna hii hukua wakawa watu wazima wenye afya, akanijibu kwamba amechoka, kisha akazima simu. Nimeumia, lakini naogopa zaidi kwamba ni mimi niliyemuumiza. Sijui kama nimpongeze au nimpe pole, nipige simu au nikae kimya. Waliopita njia hii, na wanaowahudumia watoto njiti, naomba mnieleze mtu aliye mbali anaweza kufanya nini cha maana.

Jibu la 1, kutoka kwa Mama wa Wiki 28

Hongera kwa kuwa mama mkubwa, na pole kwa umbali. Nimeyataja yote mawili kwa makusudi. Nilipojifungua binti yangu katika wiki ya 28, baadhi ya watu walinipa pole kana kwamba nimefiwa, na wengine hawakusema lolote, nadhani wakisubiri kuona kama atapona. Wa kwanza kuniambia "hongera" aliniambia siku ya tisa, nikalia, kwa sababu hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameniita mama. Mpongeze mdogo wako leo. Mwulize jina la mtoto, na kama bado hajapewa, mwulize humwitaje wakiwa wawili tu, kisha ulitumie jina hilo kila unapoandika.

Kuhusu ukimya wake, naomba uione siku yake ilivyo. Maziwa yanakamuliwa mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ili yasikauke, na mwanzoni kinachopatikana ni matone yanayofunika tu kitako cha sirinji, ambayo mama huyabeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kisha kuna kunawa hadi viwikoni, kupitisha mkono kwenye kidirisha cha inkubeta na kutuliza kiganja juu ya mgongo mdogo bila kusuguasugua, kwa sababu ngozi ya njiti ni nyepesi na kupapaswapapaswa humchosha. Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni wakati huo wote, nami nilijua kwamba kila mtetemo ni swali lile lile, "Anaendeleaje?", swali nisiloweza kulijibu kwa kuwa jibu la asubuhi huwa limeshabadilika ifikapo mchana. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa mbali alikuwa akiniandikia kila jioni, "Nawawaza wewe na binti. Usijibu." Neno hilo la mwisho lilikuwa zawadi. Nilimjibu baada ya wiki tatu, nikampigia mwenyewe, tukaongea saa nzima.

Na hilo la kumwambia asihuzunike, niwie radhi, lilimfungia mlango. Ameikosa miezi ya mwisho ya ujauzito wake, amerudi kulala bila mtoto pembeni, na huenda anajilaumu kwa jambo asilolitenda. Mwache ahuzunike akiwa nawe.

Jibu la 2, kutoka kwa Muuguzi wa Watoto Wachanga

Ninawahudumia watoto njiti, na ningependa upate hapa maelezo ambayo vinginevyo ungelazimika kumwuliza mdogo wako. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na wa wiki 29 mapafu yake bado ni machanga, ndiyo maana anahitaji hewa inayosukumwa ili vifuko vya mapafu visijifunge. Anaweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kengele ikalia, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Wengi hupewa kafeini kama dawa kwa sababu hiyo. Kupungua uzito siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na umanjano unaotibiwa kwa taa huwapata wengi. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kuwezekana karibu na wiki ya 32 hadi 34, kwa hiyo mpira wa kulishia si dalili kwamba hali imeharibika. Safari hii haiendi kwa mstari ulionyooka: leo ataondolewa mashine, kesho arudishwe. Ukisikia habari mbaya ya siku moja, usiipeleke kwa ukoo mzima.

Usimwulize atatoka lini. Wengi hutoka karibu na tarehe ambayo wangezaliwa, na huyu amekuja wiki 11 mapema. Hutoka anapoweza kupumua mwenyewe, kutunza joto lake, kunyonya na kuongezeka uzito.

Kuna jambo moja ambalo wewe uliye mbali unaweza kulisaidia kuliko unavyodhani. Mtoto kulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, yaani huduma ya kangaruu, ilianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta zilikuwa chache, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Hata baba anaweza kumbeba, na mtoto anayesaidiwa hewa kupitia puani mara nyingi anaweza kubebwa, wahudumu wakiridhika na hali yake. Lakini saa 8 kifuani ni saa 8 ambazo mama hapiki, hafui, hapangi foleni. Tafuta kinachomwondoa wodini, ukilipie au umwombe aliye karibu akibebe. Tafadhali usimtumie tiba unazozikuta mtandaoni.

Jambo la mwisho linahusu mdogo wako mwenyewe. Akisema hapati usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, au kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, mweleze shemeji yako siku hiyo hiyo, na wahudumu waambiwe.

Jibu la 3, kutoka kwa Baba wa Pacha

Mimi nilikuwa yule wa "Yupo." Neno hilo lina maana kwamba mtoto yu hai, na kwamba mtu hana nguvu za kusema zaidi. Kaka yangu, aliyekuwa mbali kama wewe, alinipunguzia mzigo kwa namna mbili. Kwanza alisema nimpe habari yeye peke yake, mara moja kila usiku, naye atawaarifu wengine wote na kuwazuia wasinipigie. Pili, hakuniuliza nahitaji nini, kwa kuwa swali hilo nalo ni kazi, alituma fedha na kuandika, "Ya nauli ya wiki hii. Usinieleze matumizi."

Natofautiana kidogo na mama aliyejibu kwanza. Ujumbe usiohitaji jibu ulimfaa mke wangu, lakini mimi nilihitaji sauti ya mtu. Mwulize shemeji saa anayotoka wodini, umpigie saa hiyo. Na usichoke mwezi wa pili, wakati simu za wengine zinapokatika. Siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani ndiyo iliyonitisha kuliko zote, kwa sababu hapakuwa na mashine ya kutuonya; usiku kucha tuliweka viganja juu ya vifua vyao.

Dada Mkubwa, siku tatu baadaye

Asanteni kwa moyo wote. Nilimwandikia hongera, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya juzi, nikaongeza kwamba asijibu. Alijibu usiku ule ule: wanamwita Mzee, kwa sababu paji lake lina mikunjo, na Mzee amekaa kifuani kwake dakika arobaini bila kengele kulia. Nimelipa msaidizi wa kufua na kupika kwa mwezi mmoja, na ndugu wote sasa wanauliza kwangu. Shemeji ameniambia hutoka wodini saa tatu usiku. Nitampigia leo.