Naomba ushauri: kasi ya shafti inarukaruka kwenye programu

Wakuu, naomba msaada. Napima kasi ya shafti ya mota kwa enkoda (kifaa kinachotoa mapigo ya umeme shafti inapozunguka) ya mapigo 1024 kwa mzunguko, kaunta ya kadi ya kukusanyia data inayasoma, na programu ya LabVIEW inachora grafu. Nahesabu mapigo kila milisekunde 10.

Kwenye mizunguko 1500 kwa dakika grafu inaridhisha. Nikishusha hadi 30, balaa: namba inaruka kati ya 29.3 na 35.2, katikati hakuna kitu. Nilipopiga hesabu nikaona pigo moja tu kwenye dirisha hilo (muda wa kuhesabu, milisekunde 10) ni sawa na mizunguko 5.86 kwa dakika, kwa hiyo nadhani enkoda haina kosa (nilishaifungua bure!).

Nikirefusha dirisha hadi sekunde 1 inatulia, ila mabadiliko ya ghafla yananipita. Nikipima muda kati ya pigo na pigo, kasi ndogo inakaa sawa, lakini kwenye 1500 pigo huchukua mikrosekunde 39 tu na saa ya kaunta yangu ni megahezi 1, yaani inahesabu tiki 39 hivi tu kwa pigo, usahihi unapungua.

Je, nibadilishe njia kulingana na kasi, au nipime muda wa mapigo mengi kwa pamoja? Aliyewahi kufanya, alichagua mapigo mangapi?