Kilo 50 ni tungamo au uzito? Na kwa nini mizani inasoma pungufu?

Mdau wa Tabata:
Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili. Mfuko wa sukari umeandikwa "uzito kilo 50", lakini daftari la kidato cha kwanza linasema uzito hupimwa kwa nyutoni, na kilo ni ya tungamo. Kipi ni sahihi? La pili: kuna mizani ya kidijitali ya mezani, mwisho kilo 30, mgawanyo gramu 5 (inasoma kwa hatua za gramu 5), imetoka Uingereza. Hapa Dar, jiwe la mizani la kilo 10 lililohakikiwa linasoma 9.970. Bila mzigo inasoma sifuri safi. Ni mbovu, au ni mambo ya mvutano?

Mwl. Fizikia:
Mkuu, daftari liko sahihi, na mnunuzi wa sukari naye hajapunjwa. Anachonunua ni tungamo, yaani kiasi cha mata kilichomo mfukoni. Neno "uzito" kwenye mfuko ni la sokoni tu.

Uzito ni kani ambayo Dunia inauvuta nayo huo mfuko: tungamo mara mchapuko wa mvutano (kasi inayoongezeka kila sekunde kitu kikianguka). Usawa wa bahari hapa Dar mchapuko huo ni kama mita 9.78 kwa sekunde kila sekunde, hivyo 50 × 9.78 = nyutoni 489. Kwenye mtihani tumia namba waliyokupa. Mara nyingi ni 10, jibu linakuwa nyutoni 500. Mwezini ni 1.62, kama moja ya sita ya hapa, kwa hiyo uzito unashuka hadi nyutoni 81, na sukari inabaki kilo 50 zilezile. Wanafunzi wengi hukosea hapahapa: wanagawanya kilo kwa 6. Kinachogawanywa ni nyutoni.

Tungamo unaweza kuihisi bila kunyanyua kitu. Tazama mkokoteni wenye mifuko 10 pale Kariakoo, kwenye lami tambarare. Uzito wote umebebwa na magurudumu, lakini kuuanzisha ni kazi, na kuusimamisha ukishashika kasi ni kazi vilevile. Ukaidi huo ndio inesha, na unatokana na tungamo. Hata huko Mwezini mkokoteni huo ungekuwa mkaidi vilevile kuuharakisha.

Fundi Mizani:
Nijibu la pili. Mizani ya mawe, ile ya masahani mawili, hulinganisha mzigo na jiwe. Mvutano ukipungua unapungua pande zote mbili, kwa hiyo popote ulipo inakupa tungamo sahihi. Ya springi na ya kidijitali hazilinganishi, zinapima kani. Ndani ya hiyo yako kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mzigo ukiwekwa. Vihisi vinasoma mpindo, kisha programu inaugeuza kuwa kilo kwa kutumia mvutano wa mahali mizani iliporekebishwa.

London mvutano ni kama 9.812, Dar 9.781. Piga hesabu: 10 × 9.781 ÷ 9.812 = 9.968. Kwa mgawanyo wa gramu 5, kioo kinaonyesha 9.970, namba yako kabisa. Dunia imetuna Ikweta na inazunguka, ndiyo maana huku kwetu kani ni ndogo kidogo.

Ila usihukumu kwa jiwe moja. Isawazishe mpaka kipovu cha kioo chake cha usawa kikae katikati, iwashe nusu saa ipate moto, zima feni, hakikisha sahani haigusi kitu pembeni. Kisha pima kilo 5, 10 na 20. Kosa likikua sambamba na mzigo, ni mvutano au marekebisho. Likiwa gramu zilezile kila mara, tatizo ni sifuri. Halafu peleka jiwe moja kwenye kona zote nne za sahani. Kona zikitofautiana, huenda kile chuma kimepindishwa na mzigo uliozidi, na hapo kurekebisha kwa jiwe tu hakutasaidia.

Mdau wa Tabata:
Kilo 5 inasoma 4.985, kilo 20 inasoma 19.935. Kona zote sawa.

Fundi Mizani:
Basi ni nzima. Inahitaji kurekebishwa hapahapa Dar kwa jiwe la uhakika: sifuri kwanza, kisha jiwe karibu na mwisho wa uwezo wake, tuseme kilo 20 au 30. Jiwe dogo linakuza kosa lake ukipima mizigo mikubwa. Kama ni ya biashara, usivunje lakiri wala usijirekebishie mwenyewe. Ipelekwe Wakala wa Vipimo ihakikiwe na kugongwa muhuri. Ukiihamishia Arusha baadaye, mwinuko wa mita 1,400 hivi utapunguza gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo 10. Kwa kilo 10 huenda usione kitu kwenye kioo, ila kwa kilo 30 utaona.

Mwl. Fizikia:
Nyongeza kwa wa kidato cha kwanza: msiandike kwamba wanaanga wanaelea kwa sababu hakuna mvutano. Kwenye kituo cha anga, kilomita kama 400 juu, mvutano bado ni karibu 8.7. Wanaelea kwa kuwa wao na kituo wanaanguka pamoja, hivyo hakuna kinachokandamiza mizani. Tungamo yao hupimwa kwa springi inayomvuta mtu kwa kani inayojulikana, kisha mchapuko wake unapimwa. Kani ukiigawanya kwa mchapuko, unapata kilo.