Mjadala: Ukimwachia mwenzio kazi, mbona uamuzi unabaki nao wewe?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila matusi.

Tukigusa mgawanyo wa kazi kwenye ndoa huwa tunaishia kuhesabu: nani anaosha vyombo, nani analipa kodi, nani anaamka usiku mtoto akilia. Mimi naona hesabu hiyo inaruka kiini. Kila kazi ya nyumbani ina kuifanya na ina kuiamulia. Ugomvi mwingi niliouona, pamoja na ule niliouanzisha mwenyewe, huanzia pale mmoja anapokabidhiwa kufanya na mwingine akang'ang'ania kuamua.

Nianze na wanaume wenzangu, maana huko ndiko nilikotokea. Miaka sita ya mwanzo ya ndoa yangu mke wangu aliendesha jiko, nguo na mambo yote ya mtoto. Mimi niliendesha fedha. Nilijisifu kabisa kwamba kwetu kila mtu ana idara yake. Ila gesi ikiisha saa tano asubuhi, mkuu wa idara ya jiko ilimbidi anipigie simu nikiwa kikaoni, ajieleze kwa nini imeisha kabla ya mwezi, angoje nitoke kikaoni, ndipo nitume hela. Viatu vya mtoto vikianza kubana, mambo ni yale yale. Hata ofisini mkuu wa idara hupewa kasma yake akaitumia, haombi kila anapotaka karatasi.

Baadaye nikapunguzwa kazini, nikakaa nyumbani miezi tisa. Mke anatoka, mimi nabaki. Nguo zikawa zangu: nafua, naanua, nakunja, napanga kabatini. Usiku mmoja nikaamka kunywa maji, nikamkuta amekaa sakafuni, kawasha taa ya simu, anakunjua fulana za mtoto moja moja na kuzikunja upya. Mikono ndani kwanza, kisha mara tatu, kama alivyozoea. Mimi nilikuwa nakunja mara mbili. Hakusema kitu, nami nikarudi kulala. Kesho yake sikukunja. Nilizirundika kwenye beseni nikamsubiri arudi, na moyoni najiona nina haki kabisa.

Nadhani wanaume kadhaa waliosusa kazi za ndani walisusa kwa namna hiyo. (Najua, kisingizio hicho tunakipenda mno na tunakitumia hata pasipostahili.)

Msimamo wangu basi: anayeifanya kazi ndiye anayeiamulia, ilimradi asivuke bajeti mliyokubaliana. Fulana ikunjwe mara mbili, sawa tu. Gesi inunuliwe bila kupiga simu. Makubwa kama kuhama, mkopo na idadi ya watoto mkae wote wawili, na mmoja asipokubali jambo lisubiri. Jinsia sioni inaingilia wapi, ukiacha mimba, kuzaa na kunyonyesha. Nipingeni.

Mchangiaji 1

Mkuu, umeandika vizuri ila swali umelikwepa. Mkishindwana nani anakata shauri? "Jambo lisubiri" ni jibu la mtu ambaye hajawahi kudaiwa. Mwenye nyumba hasubiri, benki haisubiri. Wahenga walishasema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mimi ni kichwa cha nyumba yangu na sisemi kwa majivuno. Jambo likiharibika, ninayetafutwa ni mimi. Kelele zikisikika nje usiku wa manane, hakuna anayeuliza leo zamu ya nani. Kazi hizo hamziweki kwenye hesabu zenu: kutoka gizani kuangalia kuna nini, kubeba deni kifuani bila kumwambia mtu, kung'ang'ania kazi unayoichukia miaka kumi kwa kuwa kuna ada. Halafu mke akianza kupata mshahara, hela yangu ni yetu, hela yake ni yake. Usawa siku hiyo huwa uko likizo.

Mchangiaji 2

Naomba nimjibu kaka hapo juu kuhusu hiyo "hela yake".

Kaka, mimi nimeajiriwa na mshahara wangu haujawahi kulala mfukoni. Tofauti yetu ni risiti. Yako inalipa kodi, ada, matofali, vitu vinavyoonekana. Yangu inakwisha kwa sabuni, daftari lililojaa katikati ya muhula, dawa ya kikohozi, pampasi. Miaka kumi ikipita wewe unaonyesha nyumba. Mimi nionyeshe nini, mapovu?

Na hesabu ilishapigwa. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti iliyojumlisha tafiti za matumizi ya muda za nchi 64. Wanawake walikutwa wanatumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kila siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume, saa 1 na dakika 23. Kelele za usiku wa manane hutokea mara ngapi kwa mwaka? Sufuria huoshwa leo na kesho na keshokutwa.

Wanawake wa Iceland waliwahi kuonyesha uzito wake kwa siku moja tu, Oktoba 24, 1975. Inakadiriwa asilimia 90 yao waliacha kazi, za ajira na za nyumbani. Viwanda vya samaki vikakosa watu, shule na vituo vya kulelea watoto vikafungwa, akina baba wakaenda ofisini wamewashika watoto mkono. Miaka mitano baadaye nchi hiyo ikamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais.

Kwa mleta mada: fulana hizo ningezikunja upya hata mimi. Unajua kwa nini? Mtoto akienda na nguo imejikunyata, hakuna mtu atakayesema "baba yake hajui kukunja". Watasema "mama yake yuko wapi?" Unatutaka tuachie uamuzi huku lawama zikibaki kwetu. Zichukueni na lawama, tutalala usingizi mzuri.

Mchangiaji 3

Mnajisumbua. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Sarufi ilishamaliza mjadala.

Mchangiaji 2

Kuna na "wanaoana". Nacho ni Kiswahili.

Mchangiaji 4

Mimi niko nyumbani kwa hiari yangu na ninachoka kusemewa. Kazi ya mume wangu inaweza kumwita saa nane usiku, na ikimwita anaondoka. Tulikaa tukaona nyumba yenye watoto wadogo haiwezi kuwa na kazi mbili za aina hiyo, mmoja wetu lazima awe karibu. Nikasema niwe mimi. Mbona mwanamke akichagua ofisi anaitwa shujaa, akichagua nyumba anaambiwa hajaamka?

Ila nakubaliana na mleta mada kwenye kasma. Mshahara unaingia akaunti ya pamoja na sijawahi kumwomba hela ya gesi. Ningekuwa naomba, ningesharudi kazini.

Mchangiaji 5

Dada uliyechagua nyumbani, uchaguzi wako ni halali. Jiulize tu kwa nini kwenye vikao vya namna hiyo anayesema "niwe mimi" karibu kila mara ni mke. Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la mishahara siku hizi huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa. Zipo kazi zinazolipa zaidi mtu asiye na saa za kurudi, na mwenye mtoto wa kuwahi hawezi kuwa mtu huyo. Kwa hiyo mnapiga hesabu mezani kwa uhuru wenu wote, huku bei zilishapangwa na wengine.

Pili, jilinde kisheria. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali iliyochumwa katika ndoa. Watu hulitaja kwa shangwe wakasahau mwisho wake: mama mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alishatapanya fedha alizopewa na mumewe kwa shughuli za familia. Mwaka 2021 mahakama moja ya Beijing ilimpa mke aliyeachika yuani 50,000 kwa miaka 5 ya kazi za ndani, na Wachina wengi wakasema hizo hazitoshi hata kumlipa mtumishi. Uhispania tangu 2005 sheria yao ya kiraia inawataka wanandoa wagawane kazi za nyumbani na malezi, japo sijui hakimu gani atakwenda kukagua masinki.

Kinachobadilisha tabia, kwa maoni yangu, ni pale kitu kinapopotea usipokitumia. Uswidi iliwapa baba na mama haki ya likizo ya malezi mwaka 1974, akina baba wengi wakawaachia wake zao. Ilipofika 1995 wakatenga mwezi mmoja ambao mzazi hawezi kumpa mwenzake, asipouchukua unayeyuka. Hapo ndipo baba wakaanza kuonekana na vigari vya watoto.

Mchangiaji 6

Nasoma hapa tangu juu na hakuna aliyemtaja mtu wa tatu.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani miaka minne kabla ya kurudi shule. Mabosi wangu walikuwa wanajisifu mbele za wageni kwamba wao ni nusu kwa nusu. Nusu zote mbili nilikuwa mimi. Baba hakujua kikabati cha dawa kiko wapi. Mama alijua, ila mtoto akipanda joto mama yuko kazini, aliyepima na kumbembeleza ni mimi, huku napiga simu kuomba ruhusa ya kumpa dawa. Hata saa ya kulala sikujipangia. Kwa kanuni ya mleta mada kwamba anayefanya ndiye anayeamua, kichwa cha nyumba ile kilikuwa mimi.

Tuko wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6 duniani kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani, na zaidi ya robo tatu ni wanawake. Mkataba wetu, namba 189 wa mwaka 2011, unazungumzia saa za kazi na siku ya mapumziko. Mkimaliza kugawana nyie wawili, semeni na mapumziko yangu yanatoka kwenye nusu ya nani.

Mleta mada

Nimesoma wote. Wa 6 umenikamata, kwa sababu miaka sita ile niliyosema mke wangu "aliendesha nguo", miaka miwili kati yake tulikuwa na binti wa kazi na sikumkumbuka hata nilipokuwa naandika. Sina utetezi.

Wa 1, manahodha wengi kweli hupeleka chombo mrama, lakini methali haisemi nahodha achaguliwe kwa ndevu. Kwenye mkopo, mwenye kauli nzito awe yule atakayeulipa. Mkilipa wote, basi wote mna kura ya kukataa, na mwenye nyumba atawasubiri siku mbili mkigombana. Huo ukichwa nao uliandikwa na watu kwenye karatasi, wakaja kuufuta. Ujerumani Magharibi hadi 1977 sheria ilimruhusu mke kuajiriwa pale tu ambapo kazi haigongani na wajibu wake wa ndoa na familia. Ufaransa hadi 1965 mke hakufungua akaunti ya benki bila ridhaa ya mumewe. Walipofuta, nyumba hazikuanguka. Ila kuhusu kubeba deni kifuani peke yako nakuelewa, nami nimelibeba. Mwambie mkeo, huenda yeye naye analo lake.

Wa 2, la lawama sikuwa nimeliwaza. Nimelipeleka nyumbani jana, mke wangu akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tukakubaliana ujumbe wa mwalimu kuhusu mavazi uje kwangu. Namba yangu haikuwa hata kwenye orodha ya darasa.

Nimesharudi kazini, huu mwaka wa pili. Nguo zimebaki zangu na nakunja mara mbili. Wiki iliyopita gesi iliisha, sikupigiwa simu. Nilijua asubuhi nilipoingia jikoni nikakuta mtungi wa rangi nyingine, wa kampuni ile nisiyoipenda. Nimenyamaza hadi leo, ila wakuu, imenichukua nguvu.