Bima ndogo ya pikipiki Tanzania inafanya kazi Kenya?

piki_arusha: Wakuu habarini, nina Boxer yangu nipo Arusha, mwezi ujao nataka niende nayo Nairobi kupitia Namanga, bima niliyonayo ni ile ndogo (ya kumlipa utakayemgonga tu), je inatosha au mpakani wanataka nyingine? Na bei nafuu napata wapi jamani, hela imekaza.

mzeewanamanga: Haitoshi mkuu, hiyo mwisho wake mpakani. Rudi kwa waliokukatia bima uombe kadi ya njano ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ndiyo bima ya kuvuka nayo mpaka, unalipia kulingana na muda utakaokaa. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 ila kwenye kadi bado tumo, inatambulika Kenya, Uganda, Rwanda mpaka Zambia.

dada_wa_piki: Naongezea hapo, kadi inamlipa uliyemgonga pamoja na matibabu yako na abiria wako, piki yenyewe ikiibiwa au ikiharibika hulipwi kitu. Mimi niliteleza Kajiado kwenye mchanga, taa ikapasuka usukani ukapinda, nikajitengenezea kwa hela yangu. Bei zungukia mawakala hata watatu, na ukishakata ingiza namba ya piki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima Tanzania) hapohapo kabla hujaondoka, feki zipo nyingi.

piki_arusha: Asante sana dada, kesho naenda kuiulizia.